Variabo zinakusumbua kwenye propozo? Twende mwaloni Kibirizi kwanza

Kila kikifika kipindi cha kuandika propozo, yaani andiko la mpango wa utafiti wa chuo, napigiwa simu na wadogo zangu wa hapa Kigoma, wengine wako vyuo vya Dar na Dodoma wengine wapo hapahapa mjini, na kilio ni kilekile, supavaiza, mwalimu anayekusimamia, kairudisha kazi, pembeni kaandika "variabo zako ni zipi?" basi mtu anabaki anaiangalia karatasi hajui aanzie wapi. Mimi nilipitia hayohayo na hakuna aliyenikalisha chini akanielewesha, kwa hiyo hapa naandika kama vile tumekaa barazani na mdogo wangu, na mifano naichukua ziwani kwetu maana ndio kitu tunachokijua bila kufungua kitabu.

Tuanze na neno lenyewe. Variabo, vitabu vya Kiswahili vinaita kigeu, ni kitu ambacho kinabadilika, kutoka mtu hadi mtu au boti hadi boti au siku hadi siku, NA wewe una njia ya kukiona kikibadilika. Hivyo viwili lazima viwepo vyote. Nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, boti zinaingia, kila moja imerudi na dagaa wake, huyu kajaza yule karudi na kidogo, kiasi cha dagaa hapo ni variabo. Taa walizovulia, wengine za sola wengine karabai, hiyo nayo variabo. Ila ziwa ni Tanganyika hilohilo kwa boti zote, kwa hiyo kwenye utafiti wako ziwa sio variabo hata kama bila ziwa hakuna dagaa. Ukiamua kulinganisha wavuvi wa Kigoma na wa Mwanza, hapo sasa ziwa linakuwa variabo. Umeona eeh, kitu hakizaliwi variabo, kinakuwa variabo kutokana na nani unamlinganisha na nani.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote na linaanzia kwenye kichwa cha habari. Chukua kichwa kama hiki, kila mwaka nakiona kwa sura tofauti: "Mchango wa biashara ya dagaa katika kuinua kipato cha wanawake Manispaa ya Kigoma Ujiji." Kinasomeka vizuri. Sasa muulize mwandishi, utawahoji kina nani? Atakwambia wanawake wanaouza dagaa. Wote? Wote. Haya, kama wote wanauza dagaa basi biashara ya dagaa haibadiliki kati yao, wote wanayo, utajuaje sasa kama ni dagaa ndio wameinua kipato wakati huna hata mmoja asiyeuza dagaa wa kumlinganisha naye? Ni sawa na kupima kama chumvi inanogesha mchuzi wakati sufuria zote umezitia chumvi.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza unawaongeza wanawake wa biashara nyingine, wauza mawese, wauza nguo, mama lishe, halafu biashara inakuwa variabo kweli. Ya pili unabaki na wauza dagaa peke yao ila unaangalia kitu kinachotofautiana ndani yao, mtaji alioanza nao, miaka aliyokaa kwenye biashara, anauza hapahapa au anasafirisha, anaanika kwenye mchanga au kwenye chanja. Mimi ningechagua hiyo ya kuanika, maana inaonekana kwa macho na ina maana kwenye mfuko wa mtu, dagaa wa mchangani mteja akimtafuna anasikia mchanga kwenye meno, wa kwenye chanja ni msafi na upepo unampitia juu na chini anakauka vizuri.

Sasa huru na tegemezi, zile indipendenti na dipendenti za darasani ambazo watu wanazichanganya hadi siku ya kutetea kazi. Kigeu huru ni kile unachodhani kinasukuma, tegemezi ni kile kinachosukumwa. Namna ya kuanika ni huru, bei anayopata kwa kilo ni tegemezi. Ukichanganyikiwa jiulize kipi kinatangulia kutokea, kuanika kunatangulia kuuza, haiwezekani bei ya kesho ikaenda kuanika dagaa wa leo. Lakini angalia, bei hiyohiyo kwenye utafiti mwingine inaweza kuwa huru, mfano unataka kujua bei ya dagaa inavyoathiri idadi ya milo ya samaki kwa wiki kwenye kaya za Mwanga hapa mjini. Kwa hiyo usikariri orodha kwamba umri ni huru na kipato ni tegemezi, angalia swali lako limekaaje.

Kuna kitu watu wanakiruka haraka halafu kinawaua kwenye fildi, nacho ni kupima. Umeandika variabo yako ni "kiasi cha dagaa kilichovuliwa", sawa, utakiandikaje kwenye daftari? Mwaloni watu hawaongei kilo, wanaongea mabeseni, ndoo, sado. Mvuvi anakwambia leo nimepata beseni kumi. Beseni lipi? Lipo kubwa lipo dogo, lipo la kusawazisha na lipo la kurundika hadi dagaa wanamwagika, na dagaa wabichi na wakavu uzito ni mbingu na ardhi. Ukiandika tu "10" umeandika namba isiyo na kitu ndani. Kwa hiyo kwenye propozo unatakiwa useme waziwazi, kwa mfano: kiasi cha dagaa maana yake ni kilo za dagaa wabichi wa boti moja kwa usiku mmoja, waliopimwa kwa mzani mwaloni kabla ya mnada. Sentensi ndefu lakini mtu mwingine akienda mwalo wa Katonga na mzani wake atapima kitu kilekile ulichopima wewe. Kama huna mzani wa kupimia mzigo wote, pima mabeseni machache ya aina moja upate wastani wa kilo kwa beseni, halafu uandike kwamba ulifanya hivyo.

Kipato ndio kigumu zaidi. Ukimuuliza mama "kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" atakutajia namba ili uondoke, na sio kwamba anadanganya, ni kwamba pesa ya biashara na ya nyumbani zinalala kwenye kibubu kimoja na hakuna anayehesabu kwa mwezi. Muulize mzigo wa mwisho alinunua kwa bei gani, akauza kwa bei gani, alilipa nini kwenye usafiri na ushuru na kibarua, ukitoa unapata faida ya mzigo mmoja, halafu muulize mizigo mingapi kwa mwezi. Hiyo inachosha kuandika kwenye dodoso ila ndiyo data.

Kwenye aina za vipimo nitapita haraka, ni mgawanyo wa mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aliuandika mwaka 1946 na bado ndio unafundishwa. Kuna majina tu, mchanga au chanja, hakuna kilicho juu ya mwenzake. Kuna ya ngazi, mbaya, wastani, mzuri, unajua mpangilio ila hujui kutoka wastani hadi mzuri ni hatua ngapi. Kuna namba zenye hatua sawa ila sifuri yake haimaanishi hakuna kitu, kama nyuzi joto za maji ya ziwa, nyuzi 26 sio joto mara mbili ya nyuzi 13. Na kuna namba zenye sifuri ya kweli, kilo, shilingi, miaka, kilo 40 ni mara mbili ya kilo 20. Kwa nini ujali? Kwa sababu SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua data, haitakukataza ujinga. Ukiingiza mchanga = 1 na chanja = 2 halafu ukaiambia ikupe wastani itakupa 1.6 bila kusita, na nimeona ripoti imeandika kabisa kwamba wastani wa njia ya kuanika ni 1.6. Hakuna dagaa anayeanikwa kwa 1.6. Hapo unahesabu asilimia, wangapi mchanga wangapi chanja, basi.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayotaka uisome taratibu hata kama mengine umeyaruka, ile variabo ambayo hukuiandika.

Kipindi kile nasoma, zoezi langu la fildi lilikuwa boti za taa za sola dhidi ya za karabai, zipi zinarudi na dagaa wengi. Niliona nimemaliza, huru ni aina ya taa, tegemezi ni kilo, dodoso safi. Nikaenda kumuonyesha mzee mmoja mvuvi, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti anashona wavu, nikamsomea maswali yangu yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akaendelea kushona kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, taa umeandika. Mwezi umeuacha wapi?"

Kwa asiyejua, dagaa wa huku wanavuliwa usiku, taa inawavuta waje juu kwenye mwanga ndio wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali ziwa zima ni mwanga, taa yako haionekani kitu, dagaa hawakusanyiki, ndio maana siku za mwezi mpevu utakuta boti nyingi zimepumzika na watu wanashona nyavu kama yule mzee. Watoto wa Kigoma tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma, na mimi nililiacha nje ya karatasi kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa nawaza kama mtu ambaye hajawahi kuliona ziwa.

Hapa twende polepole maana mwezi huohuo unaweza kucheza nafasi tatu tofauti na hata walimu wengine wanazichanganya.

Nafasi ya kwanza, kuvuruga. Tuseme boti za sola nimezipima wiki ya giza halafu za karabai nikazipima wiki ya mbalamwezi kwa sababu tu ratiba yangu ilikaa hivyo. Sola zitaonekana zimeshinda, kumbe kilichoshinda ni giza. Mwezi hapo ni kigeu vurugishi, na masharti yake ni mawili, kiwe kinagusa matokeo, na kiwe kimefungamana na kigeu chako huru. Kikikosa moja hakivurugi. Ndio maana kama ningepima boti za sola na za karabai usiku uleule mmoja, kila usiku, mwezi usingenivuruga kabisa kwenye kulinganisha, maana boti zote ziko chini ya mwezi mmoja. Ungebaki tu unafanya namba zipande na kushuka.

Nafasi ya pili, kudhibitiwa. Naamua napima usiku wa giza tu, kwa hiyo nimeushikilia mwezi usibadilike. Hii ni mbinu ya zamani, mwaka 1747 daktari wa meli wa Uskoti, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye ugonjwa wa kutokwa damu kwenye fizi, akawalaza sehemu moja, chakula cha kawaida kilekile, halafu akawagawa wawiliwawili kila jozi na dawa yake, na waliopewa machungwa na malimau ndio wakapona haraka. Chakula na malazi aliyashikilia ili yasimchanganye. Ila kudhibiti kuna gharama, nikipima giza tu basi majibu yangu ni ya giza tu, sina ruhusa ya kusema lolote kuhusu siku za mwezi.

Nafasi ya tatu ndio tamu, kubadilisha nguvu. Labda usiku wa giza tofauti ya sola na karabai ni kubwa, usiku wa mbalamwezi haipo kabisa kwa sababu taa zote zimezidiwa. Hapo mwezi hauvurugi jibu, mwezi NI sehemu ya jibu, swali linakuwa "taa inasaidia lini?" badala ya "taa inasaidia?". Ukitaka kuliona hilo lazima upime giza na mwangaza vyote, na mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo fildi ya wiki mbili haitoshi, weka angalau mzunguko mzima. Mimi nililazimika kubadilisha ratiba yote kwa swali moja la yule mzee na hadi leo namshukuru. Kwa hiyo ushauri wangu, kabla hujampelekea supavaiza mpelekee mtu anayefanya hiyo kazi kila siku, msomee variabo zako halafu umuulize nini nimesahau, na ukae kimya umsikilize.

Usidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Mwaka 2003 yalitoka matokeo makubwa kuhusu ziwa letu, timu ya Catherine O'Reilly ilichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, rutuba ya chini haipandi, mimea midogo ya majini imepungua, na wakakadiria uzalishaji wa ziwa umeshuka kama asilimia 20, kitu ambacho kingeweza kushusha samaki kwa asilimia 30 hivi. Angalia hapo kuna vigeu vya kati, joto halimuui dagaa moja kwa moja, linapita kwenye kuchanganyika kwa maji, halafu rutuba, halafu chakula cha dagaa, ndio dagaa. Ukiandika "joto linapunguza dagaa" bila hizo ngazi za katikati msomaji atakuuliza kwa njia gani na utakosa jibu.

Halafu mwaka 2006 watafiti wengine, Jouko Sarvala na wenzake, wakasema hapana, samaki wanaopimwa kwenye takwimu ni wale wanaoletwa na wavuvi, na uvuvi wenyewe umebadilika, nyavu, meli, taa, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa takwimu kunaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko hali ya hewa. Lile swali la mzee kabisa, uvuvi mmeuweka wapi? Na angalia jibu lilivyotafutwa, mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ikatoa matokeo ya matope ya chini ya ziwa, ukichimba kwenda chini unarudi nyuma miaka, wakahesabu mabaki ya samaki kwenye tabaka, na wakakuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Wametafuta kipindi ambacho kigeu vurugishi hakikuwepo. Uvuvi wa kupita kiasi wa sasa haujasafishwa na hilo, unabaki tatizo, ila hauwezi kuwa sababu ya kitu kilichoanza kabla yake.

Kuna mwingine atataka kutumia lile zoezi la kufunga ziwa, maana serikali ilisimamisha uvuvi ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na ni mada nzuri sana. Ila ukilinganisha Aprili kabla ya kufunga na Septemba baada ya kufungua umelinganisha na msimu pia, Aprili ni mvua, na katikati hapo upepo wa kusi umeshalisukasuka ziwa. Linganisha Septemba 2024 na Septemba za miaka ya nyuma, hapo msimu umeushikilia.

Na wewe mwenyewe unaweza kuwa variabo. Hifadhi ya Gombe, hapo kaskazini mwa Kigoma, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika mwaka 1960, na miaka hiyo ya 60 wakawa wanawapa sokwe ndizi ili wawazoee na wawaone kwa karibu, baadaye ikawa swali kubwa kama ugomvi walioushuhudia ni tabia ya sokwe au ni ndizi zilizowakusanya pamoja. Ukienda kuwahoji kina mama na fulana ya mradi au wakadhani umeleta mikopo, majibu ya kipato yatashuka yote, hizo ni ndizi zako.

Haya, kazi ya mikono. Chora jedwali kwenye karatasi, sio kompyuta kwanza. Kila variabo mstari wake, na kwa kila moja andika jina, inabadilika kati ya nani na nani, utaipimaje kwa kifaa gani na kipimo gani, ni ya aina gani kati ya zile nne, na kazi yake kwenye utafiti, huru, tegemezi, ya kati, ya kudhibiti, au ya kubadilisha nguvu. Mfano mstari mmoja: mwanga wa mwezi, unabadilika usiku hadi usiku, naandika tarehe na kuangalia kalenda ya mwezi pamoja na kama kulikuwa na mawingu, ngazi tatu giza nusu na mpevu, kazi yake kubadilisha nguvu ya taa. Mstari ukishindwa kujaza kisanduku cha "inabadilika kati ya nani na nani" futa hiyo variabo. Ukishindwa kisanduku cha kupima usiifute kwanza, nenda mwaloni au sokoni ukaulize watu wenyewe wanapimaje, mara nyingi njia ipo ila ina jina usilolijua.

Jedwali likiisha chukua dodoso, kila swali liwe na mstari wake kwenye jedwali, swali lisilo na mstari ondoa hata kama ni zuri, na mstari usio na swali maana yake utafika kwenye uchambuzi data haipo na Kigoma umeshaondoka. Variabo nne tano zilizopimwa vizuri zinatosha shahada ya kwanza. Acha nafasi chini ya jedwali, mistari miwili mitatu tupu, ukafanye majaribio siku moja na watu watatu wanne, na hapo ndipo utakapoijaza ile uliyoisahau.